Inchi Iliyoungua

4 Machi

Kifungo,

Kwa heshima na taadhima, mbele ya ukoo wote, walio hai na waliotutangulia, natangaza kwamba gari la marehemu baba limepandishwa cheo. Tangu jana asubuhi halisimami tena juu ya matofali kumi na mawili. Linasimama juu ya matofali kumi na sita, manne kila pembe. Hotuba haikuwepo. Seremala alikanyaga jeki, mimi nikasukuma matofali, na mama akatutazama dirishani akisema tunalipamba kana kwamba linakwenda kuposwa.

Hujambo lakini? Sisi tupo. Mama anakusalimu. Magoti yanamsumbua asubuhi, ila anashukuru kitanda chake kirefu, kile baba alichokiinua mwaka wake wa mwisho ili mama asihangaike kuamka. Siku hizi anashuka kitandani kama mtu anayeshuka kwenye basi. Chumba chake bado hataki mtu amfagilie. Anasema sketi ya kile kitanda baba aliishona kwa mkono, na mikono yangu mimi ni ya kupindia sare za shule. Duka linakwenda. Cherehani kubwa imeanza kuruka nyuzi, lakini nani asiyeruka siku hizi.

Najua unashangaa kupata barua. Ni amri. Baada ya ile simu ya Januari, uliyonikatia katikati ya neno, na ambayo mimi nikaiingiza kwenye beseni la maji ya wanga, mama amepiga marufuku simu kati yetu wawili. Anasema mtu hawezi kufoka huku analamba stempu. Nimemwambia hajui uwezo wangu. Barua zako nitamsomea kwa sauti, macho yake hayawezi tena herufi ndogo, kwa hiyo andika kama mtu anayesikilizwa na mama yake.

Sasa jambo lenyewe. Uwanja wa nyuma ya karakana ya seremala, baba alikoegesha gari, umeuzwa. Mmiliki mpya amekuja mwenyewe, mtu mnene, mpole. Alilipiga gari kofi la mgongoni kama mtu anayenunua ng'ombe, akasema, "Dada, tarehe thelathini Septemba. Kitakachokuwa hakijatoka hapa, naleta watu wa gesi wanakikata vipande."

Nikamwambia, "Hilo ni gari la marehemu baba yangu."

"Pole sana," akasema. "Thelathini Septemba."

Lori la kuvuta haliwezi kuingia. Uchochoro uliopo kati ya karakana na ukuta wa duka la mikate unaujua; baba alipoingiza gari alifungua vioo vya pembeni akaviweka mapajani, na bado ilibaki nafasi ya kidole kimoja kila upande. Lazima litoke lilivyoingia, kwa magurudumu yake. Na magurudumu yake hayapo. Usiniulize yako wapi. Nililikuta juu ya matofali wiki tuliyomzika baba, na wiki ile mimi sikuwa nahesabu magurudumu.

Wewe unafanya kazi kwenye ghala la matairi. Kwa mara ya kwanza tangu uzaliwe una ujuzi unaohitajika nyumbani. Tuambie tuvae saizi gani.

Dada yako,
Sindano


29 Machi

Dada,

Shikamoo. Shikamoo mama. Mimi ni mzima. Huku baridi imeanza kupungua, ghalani tumeacha kuvaa kofia. Nimehamishwa kutoka sehemu ya malori kwenda sehemu ya magari madogo, na ni heshima hata kama wewe utaicheka.

Nimesoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nikaona kwamba katika kurasa tatu umenitukana mara sita na hukueleza jambo moja: magurudumu manne ya gari la baba yamekwendaje? Gurudumu si pini, Dada, kwamba limeanguka sakafuni likaingia kwenye ufa. Mtu aliyafungua. Nati kumi na sita. Nani ana ufunguo wa uwanja ule zaidi yako na seremala? Sisemi kitu. Nauliza tu.

Kuhusu saizi, hilo niachie mimi. Gari lile lilikuwa na rimu ndogo za kizee. Siku hizi hakuna anayevaa vile. Tutaliwekea inchi kumi na saba, na tairi la ukuta mfupi, mia mbili na tano kwa arobaini. Litakaa chini, pana, kama chui. Baba angelipenda. Niliwahi kumwonyesha picha.

Nitumie vipimo vya nafasi, nitafanya mengine.

Kifungo


21 Aprili

Mheshimiwa Chui,

Hatujambo. Mama anaitikia shikamoo yako. Nilipomsomea swali lako la magurudumu yako wapi, alisema, "Hayajaenda mbali," kisha akaomba maji ya kunywa. Nililichukua kama neno la utu uzima. Wewe lichukue unavyotaka. Seremala nilimsomea pia. Aliweka randa chini, akanitazama, akasema, "Mwambie mdogo wako kwamba mimi nina mkokoteni, na magurudumu yake mawili yananitosha." Mtu huyo ndiye aliyebeba jeneza la baba upande wa mbele kushoto, mahali ambapo huwa anakaa mtoto wa kiume. Sisemi kitu. Naeleza tu.

Kwa kuwa umeniambia nikuachie, nikaona nisikuachie. Nimejifunza mwenyewe. Kwa wiki mbili, nikienda kupeleka sare, nimekuwa nikichuchumaa pembeni mwa magari ya watu nikisoma matairi na kuandika daftarini. Kwenye maegesho ya benki mlinzi alikuja.

"Dada, unatafuta nini?"

"Nasoma."

"Unasoma tairi?"

"Wewe ulishawahi kulisoma?"

Akachuchumaa. Sasa ananisomea upande wa kulia, mimi nasoma wa kushoto.

Basi sikiliza. Ukifungua mlango wa dereva wa gari la baba kuna kibati kidogo, nimekifuta vumbi kwa mate. Kimeandikwa 185, halafu 60, halafu 14. Hiyo ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni urefu wa ukuta wake, lakini kwa asilimia ya huo upana, jambo ambalo ni mtu asiyependa wenzake tu angeweza kulibuni. Ya tatu ni rimu, kwa inchi. Yaani tairi moja linapimwa kwa lugha tatu, kama suruali ambayo kiuno ni inchi, urefu ni sentimita, na mapaja ni sehemu ya kiuno. Nimepiga hesabu. Gurudumu la baba, likisimama, lilikuwa na sentimita hamsini na saba na nukta nane. La kwako la chui lina hamsini na tisa na nukta sita. Karibu sentimita mbili zaidi. Litakula madigadi kwenye kona ya kwanza, na ukuta wake una vidole vinne tu, shimo moja la barabara yetu na rimu inakuwa sahani.

Baba alishona suruali miaka thelathini na moja kabla ya kununua gari dogo jekundu la viti viwili, la mbio, na akaliendesha kila Jumapili kwa mwendo wa baiskeli. Kama angetaka chui angenunua chui. Weka kumi na nne.

Na usiniambie baba angependa nini. Aliyekuwepo ndiye anajua.

Sindano


6 Juni

Dada,

Shikamoo.

Nimekawia kujibu kwa makusudi. Kila nilipoanza kuandika, kalamu ilitoboa karatasi.

"Aliyekuwepo ndiye anajua." Haya. Basi na tuseme. Baba aliugua miezi mitano. Mitano! Ulinipigia simu siku mbili kabla hajafa. Miezi yote hiyo nikiuliza "Baba hajambo?" unasema "Yupo dukani." Yupo dukani! Nilikuwa namtumia picha za rimu, namsubiri ajibu, nikidhani amenikasirikia, kumbe hawezi kushika simu. Kisha unaniandikia habari za nani alibeba jeneza upande gani. Ungeniambia mwezi wa kwanza ningekuja mwezi wa pili. Ulinificha kama mtoto anavyofichwa sukari, halafu unanilaumu sikunywa chai.

Hiyo pia msomee mama. Usiruke.

Kuhusu mazishi, nilikwambia wakati ule na narudia: kazini walininyima ruhusa.

Matairi. Hesabu zako ni sahihi, nimezirudia kwenye mashine ya hapa. Sikudhani ningewahi kuiandika sentensi hiyo. Lakini kumi na nne ya kipimo hicho hatuna tena ghalani, hata kwenye orodha imefutwa. Kuna 195 kwa 50, rimu kumi na tano. Urefu ni hamsini na saba na nukta sita. Tofauti na la baba ni milimita mbili, hata baba mwenyewe asingeiona bila miwani. Chui nimemfunga kamba. Umefurahi?

Kilichobaki ni hiki. Rimu za kumi na tano ziko za aina nyingi. Nyingine zinazama ndani, chini ya madigadi, nyingine zinatokeza nje. Nikikosea upande mmoja zitagonga springi, nikikosea upande mwingine zitachungulia nje ya gari. Pima kutoka kwenye uso wa habu, pale rimu inapokaa, uingie ndani hadi kwenye springi. Kipimo hicho kimoja tu. Na unipe nafasi za matundu ya bolti.

Kifungo


26 Juni

Kifungo,

Tu wazima. Mama amesikia barua yote. Sikuruka.

Matundu: manne. Nimekukatia pateni ya karatasi ya kahawia, nimeibandika kwenye habu na kutoboa kwa ncha ya mkasi. Iko ndani ya bahasha hii. Usiikunje zaidi ya nilivyoikunja.

Nafasi ya ndani, kutoka uso wa habu hadi springi: inchi tano. Nimepima kwa futi ya baba.

Je, unakuja au huji? Swali hili halihitaji mashine.

S.


17 Julai

Dada,

Shikamoo, na salamu kwa mama. Barua hii naiweka ndani ya sanduku pamoja na mzigo, kwa hiyo ukiisoma maana yake umeshavunja mbao. Angalia misumari.

Ndani kuna rimu nne na matairi manne yakiwa yameshavikwa tayari. Nimeyachagua mwenyewe, moja moja, nikayanusa. Msimamizi wangu aliuliza ni ya nani. Nikasema ya baba. Akauliza anaendesha gari gani. Nikamwambia. Akatikisa kichwa kwa heshima, na mimi sikumwambia mengine.

Pateni yako nimeiweka juu ya rimu, matundu yamelingana yote manne, sawasawa kama kola. Na usiogope kuhusu kile kipimo cha springi. Mimi sijasahau nyumba niliyokulia. Futi ya baba iliunguzwa inchi ya kwanza na pasi kabla mimi sijaanza shule, mwanzo wake ni alama ya moja, na kila kilichopimwa kwa ile futi lazima utoe moja. Kwa hiyo tano yako nimetoa moja, ikabaki nne. Nikachagua rimu zinazokaa nje inchi moja zaidi ili zisiguse springi. Unaona? Bado najua kutoa.

Kuhusu kuja, kazi ni nyingi.

Kifungo


22 Agosti

Kifungo!

NILISHATOA!

Nilishatoa, ewe mtoto wa mwisho wa fundi! Futi ilisema sita, nikatoa moja, nikakuandikia tano. Miaka kumi na tisa ninapima viuno vya watu kwa ile futi, hakuna siku nimemwandikia mtu kipimo kabla ya kutoa. Nani katika nyumba ile aliwahi kutaja kipimo ambacho hakijatolewa? Baba alikuwa anatoa hata akiulizwa saa! Na wewe, ambaye hukuwahi kupinda hata leso, ukaja kutoa tena juu ya kutoa kwangu, kwa sababu hukuweza kuamini kwamba dada yako anaweza kutoa moja kwenye sita bila wewe.

Sanduku lilifika juzi. Seremala akaja, mlinzi wa benki akaja siku yake ya mapumziko, wanawake wawili wa dukani wakaja. Tulifunga magurudumu yote manne. Nati zikaingia vizuri, na kwa dakika moja, nakiri, nilikupenda. Kisha tukasogea nyuma kutazama.

Kila gurudumu limetokeza nje ya madigadi inchi nzima. Gari la baba limesimama kama chura aliyevaa viatu vya mjomba wake. Mlinzi akakohoa. Seremala akachukua kipande cha ubao, akapima gari, akaenda kupima uchochoro, akarudi taratibu.

"Halipiti," akasema.

"Hata tukilisukuma kwa nguvu?"

"Dada, ukuta hauna upande wa kujisogeza."

Nafasi ilikuwa kidole kimoja kila upande. Wewe umechukua inchi. Leo tarehe ishirini na mbili. Zimebaki siku thelathini na tisa, na siku ishirini za hizo ni za bahasha hii kukufikia. Yule mpole wa uwanja amekwishaleta mitungi ya gesi. Imejipanga ukutani, inasubiri.

Sasa, kwa kuwa nimeshakasirika, nitumie hasira yote nisibakize. Unasema nilikuficha. Kweli. Nilikuficha. Baba alinishika kifundo cha mkono, ule mkono wake wa mkasi, akasema, "Kifungo asiambiwe. Ataacha kazi, atakuja kukaa hapa ananitazama nikikohoa, na hatarudi tena huko." Nikamwambia atanilaumu mimi. Akasema, "Wewe ni Sindano, utavumilia." Hivyo ndivyo nilivyoachiwa urithi. Wewe uliitwa Kifungo kwa sababu ulikuwa unapotea kila wiki, na kila wiki mtu mzima alipiga magoti kukutafuta chini ya meza. Mimi hakuna aliyenitafuta, kwa sababu nilikuwepo.

Nimechoka kuwepo.

Magurudumu yako nimeyafungua. Gari limerudi kwenye matofali. Kama una la kusema, lisemee hapa, kwa miguu yako.

Sindano


9 Septemba

Dada,

Barua yako imefika leo, nimeisoma nikiwa nimesimama katikati ya rafu mbili.

Ulishatoa. Sawa. Ungeandika! Maneno mawili: "nimeshatoa." Uliweza kuandika kurasa mbili za asilimia na mlinzi wa benki, ukashindwa kuandika maneno mawili. Lakini wewe ndivyo ulivyo, unajua kitu halafu unangoja mtu akosee ndipo ujulikane kwamba ulikuwa unakijua. Ugonjwa ulifanya hivyo. Inchi umefanya hivyo. Na baba alikukataza, na wewe ukatii. Lini ulianza kutii? Hukuwahi kumtii baba hata alipokwambia uvae sweta.

Nimepiga simu kwa watu wa mizigo. Seti nyingine haiwezi kufika kabla ya tarehe thelathini. Nimepanga na kupangua. Haiwezekani.

Basi waache wakate. Mimi nimechoka na lile gari. Wakate, wagawane, wauze bati. Ulitaka niseme, nimesema.

Na kwa kuwa unasoma yote kwa sauti, soma na hili. Kazini hawakuninyima ruhusa. Walinipa. Siku tano. Msimamizi alinipa na mkono wa pole. Nilikwenda chumbani, nikavaa viatu, nikafunga begi, nikakaa kitandani. Nilikaa siku zote tano. Siku ya sita nikarudi kazini na viatu vile vile. Sijui kwa nini. Nilikuwa naona kwamba kama sijafika, kuna mtu bado yupo dukani.

Usinijibu kuhusu hilo.

Kifungo


2 Oktoba

Kifungo,

Hujambo. Tu wazima, isipokuwa mgongo wangu, utakaoelezwa.

Barua yako ilifika tarehe ishirini na nane, siku mbili kabla ya gesi. Nilimsomea mama chumbani kwake, yeye yuko juu kitandani, mimi kwenye kigoda chini, nikimwangalia kama mtu anayeangalia saa ya mnara. Nilisoma yote. Palipokuwa na viatu nilisoma polepole. Palipoandikwa "wakate" nilisoma mara mbili, kwa sababu mama alisema, "Amesema nini?"

"Amesema wakate gari."

Nje mtu alikuwa akibingirisha mitungi. Mama akasema, "Yale ya baba yenu yalikuwa inchi ngapi?"

"Kumi na nne, mama. Tumelisema tangu Aprili."

"Hebu inua sketi."

Nikadhani amechanganyikiwa, nikatazama sketi yangu. Akanipiga kidogo begani na fimbo. "Ya kitanda."

Kifungo, niliinua. Kila mguu wa kile kitanda umesimama katikati ya gurudumu lililolazwa chali. Manne. 185, 60, 14, nimeyasoma kwa kidole, vumbi limeingia kwenye kila tarakimu. Baba aliyafungua mwenyewe siku alipoona hawezi tena kukanyaga klachi. Mama anasema alimwambia: gari lisilo na magurudumu haliibiwi, na mke aliye juu haumwi magoti. Kisha akakaa siku nzima akashona sketi ya kuyafunika, kwa sababu baba hakuwahi kuacha kazi bila pindo.

Nilisema vitu ambavyo mtu hasemi mbele ya mama. Nikasema, "Miezi saba! Miezi saba tunatukanana mabara mawili, unatusikiliza, na wewe umeyalalia!"

"Mimi nilisema."

"Ulisema 'hayajaenda mbali'!"

"Na yalikuwa yameenda wapi?"

"Mama, kwa nini hukuyatoa?"

"Na mimi ningelala juu ya nini?" akasema. "Mlisema mnaleta mapya. Nikasubiri mapya. Nyinyi ndio mnaojua hesabu."

Tarehe ishirini na tisa asubuhi tulimshusha mama tukamkalisha kwenye kiti, tukatoa magurudumu. Seremala aliyajaza upepo kwa pampu ya baiskeli, zamu kwa zamu na mlinzi. Mawili yalishika, mawili yalikuwa yanalia pembeni lakini hayakufa. Mimi nilikaa kwenye usukani, vioo vya pembeni mapajani, wao wanasukuma. Kuta zilipita kidole kimoja kushoto, kidole kimoja kulia. Nilinyoosha shingo nikiwa nimeshikilia pumzi mpaka tulipotokea barabarani. Yule mpole wa uwanja alikuwa amesimama mlangoni na mtu wake wa gesi, mwenye miwani myeusi. Akatazama, akasema, "Kumbe ni gari." Ndiyo hotuba tuliyopata.

Sasa limeegeshwa mbele ya duka. Halijawaka bado, tuligundua betri imekufa tangu enzi. Magurudumu yako ya kumi na tano nimeyaweka dukani, wateja wanayakalia wakisubiri kupimwa. Ni marefu, wanayasifu.

Bado nimekasirika. Nataka ujue hivyo, usije ukaona barua ndefu ukadhani nimepoa. Kuhusu viatu umesema nisijibu, na mimi, niliyeulizwa lini nilianza kutii, ninatii. Nitasema tu kwamba kiti cha kushoto cha gari kimekatika mshono chini, nao ni mshono wa baba, sitaugusa peke yangu.

Futi nimeitundika mahali pake. Nimeandika juu yake kwa wino, pale palipoungua: TOA MOJA. MARA MOJA.

Mama anakusalimu. Analalamika kwamba kitanda kimeshuka. Nimepima, ni kweli, kimeshuka inchi moja. Kiko juu ya matofali kumi na sita.

Sindano